Kutoka Kusadikika Hadi Cheptais: Jina la Mahali na Jina la Mtu katika Fasihi ya Maangamizi

Makala haya yametokana na safari mbili. Ya kwanza ilikuwa ziara ya masomo ya siku 12 nchini Poland, ambako sisi, walimu wachache wa fasihi kutoka Afrika Mashariki, tulikwenda kujifunza jinsi maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili yanavyofundishwa na yanavyoandikwa. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret hadi Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, alikozaliwa mwandishi wa makala haya. Msomaji atatuwia radhi kwa kumleta nyumbani kwetu katika kurasa za uhakiki. Nia yetu ya awali ilikuwa kuandika juu ya Primo Levi peke yake, na rasimu ya makala hayo ipo. Iliyoibadilisha nia hiyo ni swali tuliloulizwa nyumbani.

Tuanze na masanduku. Katika jengo mojawapo la makumbusho ya Auschwitz, nyuma ya kioo, yamerundikwa masanduku ya safari ya watu walioletwa pale kuuawa. Wenyewe waliagizwa kuandika majina yao juu ya mizigo ili waje kurudishiwa. Wakaandika kwa rangi nyeupe, kwa herufi kubwa, mwandiko wa mtu anayetaka kusomeka: jina, mji, pengine mwaka wa kuzaliwa. Waliochaguliwa kufanya kazi badala ya kupelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi walinyang'anywa jina na kuchanjwa namba mkononi. Ya Levi ilikuwa 174517. Katika jengo jingine kimewekwa tangu 2013 kitabu kikubwa kupita kimo cha mtu, chenye majina zaidi ya 4,000,000 ya Wayahudi waliouawa kote Ulaya. Watu wapatao 1,100,000 walikufa katika kambi hiyo moja, na karibu 1,000,000 kati yao walikuwa Wayahudi. Tarakimu hizi tulizijua kabla ya kuondoka Kenya. Masanduku hatukuyajua.

Tulipofika nyumbani, jirani yetu mmoja, wa umri wa mama yetu mzazi, alikuja kutujulia hali kama ilivyo desturi. Tulimweleza tulikotoka kwa maneno ya kawaida: kwamba kuna watu waliouawa na serikali kwa sababu ya kuzaliwa tu, na kwamba mahali pale pamehifadhiwa. Alisikiliza, akanywa chai, kisha akauliza: "Mwanangu, na hao wa huko, majina yao yaliandikwa?" Tukamjibu kuwa mengi yaliandikwa. Akauliza tena: "Yaliandikwa na nani?"

Mwanawe alichukuliwa usiku mmoja wa mwaka 2008. Mbele ya wageni wengine waliokuwapo alisema, "Yule wangu alipotea." Baadaye, jikoni, alipobaki nasi peke yetu, alisema, "Yule wangu alipotezwa." Hakusema na nani.

*

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo msingi wa hoja yetu. Potea ni kitenzi kisichodai mtenda. Aliyepotea amepotea mwenyewe, kama mbuzi aliyeacha njia. Kikiongezwa kiambishi cha usababishi kinakuwa poteza, na kikitendwa kinakuwa potezwa. Hapo sarufi yenyewe inaacha nafasi iliyo wazi mwishoni mwa sentensi, nafasi ya "na fulani". Msemaji anaweza asiijaze nafasi hiyo, lakini msikilizaji anaiona. Ni hivyo hivyo kwa maangamio na maangamizi. La kwanza linaweza kuletwa na mafuriko. La pili lina mkono wa mtu ndani yake. Waliokubali kuyaita mauaji ya Wayahudi "maangamizi" kwa Kiswahili walichagua vema kuliko pengine walivyojua.

Neno jingine limetupa taabu zaidi. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, na hasa mahakama ya kimataifa ilipoanza kusikiliza kesi Arusha, vyombo vya habari vya Kiswahili vilihitaji jina la kosa ambalo Raphael Lemkin alilibuni kwa Kigiriki na Kilatini mwaka 1944 na ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa ulilifafanua Desemba 1948. Wengine walisema "mauaji ya halaiki", ingawa kwa Mtanzania halaiki ni pia wale watoto wanaocheza kwa mistari uwanjani siku ya sherehe. Lililoshinda ni "mauaji ya kimbari". Mbari ni ukoo. Kwa hiyo mtu akilichambua neno kwa mzizi wake, mauaji ya kimbari ni mauaji ya ukoo kwa ukoo, na hapo ndipo mtu wa Cheptais anaposhtuka, kwa sababu ndivyo hasa ilivyokuwa kwetu. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulikuwa kwa sehemu kubwa baina ya mbari za watu wanaosema lugha moja: Wasabaot wa Soy, yaani wa chini, na wa Mosop, yaani wa juu, waitwao pia Wandorobo, ambao walihamishwa kutoka Chepkitale baada ya mbuga hiyo kutangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1968 na kupewa ardhi Chepyuk kuanzia 1971. Ardhi hiyo iligawanywa kwa awamu, ikagawanywa upya, na awamu ya tatu ikaacha watu wengi bila kitu.

Kwa mzizi wa neno, basi, yaliyotokea Mlima Elgon ni mauaji ya kimbari. Kwa sheria si hivyo, wala hatutaki yawe hivyo. Tunalisema hili wazi kwa sababu kishawishi cha mtu anayerudi kutoka Auschwitz ni kubeba mizani na kuanza kupima wafu wa kwao. Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili aliwahi kuleta pendekezo la utafiti lililoita kila ghasia za Kenya "holokosti", na tulilirudisha. Neno kubwa huweza kufunika jambo kama vile neno dogo linavyoweza. Tulichokitafuta katika safari ya kwanza na tunachokitetea hapa hakihusu ukubwa wa maafa. Kinahusu namna ya kuandika: nani anatajwa, mahali gani panatajwa, na kitenzi kipi kinatumika.

*

Riwaya na tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya haikunyamaza juu ya ukatili wa jirani kwa jirani. Imeusema mara nyingi, na pengine vizuri kuliko Kiingereza chetu. Lakini imeusemea wapi? Kufa Kuzikana (2003) ya Ken Walibora inatokea Kiwachema. Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei inatokea Wahafidhina. Ukitoka kwenye chuki ya makabila ukaingia kwenye udhalimu wa watawala utafika Tomoko ya Kidagaa Kimemwozea, Cheneo ya Mstahiki Meya, Sagamoyo ya Kigogo, na Matuo ya Nguu za Jadi. Mwalimu wa shule ya upili anaweza kuchora ramani nzima ya bara ambalo halipo.

Mama wa nchi hizi zote anajulikana. Ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, nchi inayoelea angani ambamo Karama anasimama kizimbani kutetea uanasheria. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa na njia nyingine ya kusema aliyotaka kuyasema. Lakini wahakiki wetu husahau kwamba Shaaban Robert huyo huyo alitunga utenzi mrefu kupita kiasi juu ya vita vilivyozaa Auschwitz, na akaupa jina lenye tarehe ndani yake: Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Hakuna nchi ya angani humo. Kuna majeshi, majina ya viongozi na majina ya mahali, kwa kuwa utenzi wa vita ndivyo ulivyofundishwa kufanya tangu zamani. Hemedi Abdallah alipoandika juu ya Wadachi kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini alipoandika juu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, walitaja nani alikwenda wapi na nani alinyongwa. Kutaja ilikuwa kazi ya mtunzi.

Shaaban Robert alikuwa na mikono miwili, basi. Mmoja uliandika Kusadikika na mwingine ukaandika utenzi. Waandishi wa nathari waliomfuata walirithi mkono wa kwanza peke yake, na sisi wahakiki tuliwapongeza. Tuliita jambo hilo "upeo mpana" na "sura ya kilimwengu". Tasnifu ya mwandishi wa makala haya ina sura nzima inayodai kwamba nchi isiyo na jina humwezesha kila msomaji kujiona ndani yake. Leo tungeandika pia kwamba humwezesha kila msomaji kutojiona.

Haki inatudai tukumbuke kwa nini mkono ule mwingine ulifichwa. Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 kijitabu ambacho jina lake lilianza na jina la nchi, Kenya: Twendapi?, akafungwa. Mashairi aliyoyatunga gerezani na kuyachapisha mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki yana shairi mashuhuri ambalo mhusika wake ni mamba. Alamin Mazrui aliandika Kilio cha Haki (1981), na mwaka uliofuata akatiwa kizuizini. Kizazi kilichojifunza kuandika baada ya hao kilijifunza pia kuficha, na hakuna mwenye haki ya kukiita kioga. Tena kuna sababu ya siku hizi ambayo haina ushujaa wowote: ni vigumu kuona jinsi kitabu kinachotazamia kuteuliwa kwa ajili ya shule kingetaja kabila na kijiji kikateuliwa. Kilichoanza kama kinga kimekuwa mazoea, na mazoea yakawa kanuni ya fani.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni wa Walibora mwenyewe. Alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, na alifariki Aprili 2020. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema (1996), ni ya kijana Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale. Barabara zimo, miji imo, na msomaji wa Kitale alipoisoma mara ya kwanza alijua anapopajua. Miaka saba baadaye mwandishi huyo huyo anaandika juu ya marafiki wawili, Akida na Tim, ambao jamii zao zinauana, na ghafla Kitale inatoweka, Bungoma inatoweka, tunajikuta Kiwachema. Mwana akimtafuta baba, ramani ipo. Jirani akimwua jirani, ramani inakunjwa. Majina ya jamii zinazohasimiana, Wakanju na Wakorosho, ni ya kijanja sana, kwa kuwa kanju na korosho ni tunda na kokwa ya mti mmoja. Tumelifundisha fumbo hilo kwa furaha miaka mingi. Lakini ni fumbo linalokwisha likishafumbuliwa: watu ni wamoja, wasiuane. Halitusaidii kujua kwa nini jirani huyu, na si yule, alishika panga. Shamba lilikuwa la nani. Nani alimpa orodha.

*

Chozi la Heri linahitaji kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo lililokaribia sana kutoka katika mazoea hayo, na kwa sababu ni kitabu cha kurudi nyumbani. Ridhaa, daktari, yuko uwanja wa ndege akimngoja mwanawe Mwangeka. Mwangeka anarudi kutoka nchi ya mbali alikopelekwa na jeshi kulinda amani ya watu wengine. Wakati alipokuwa huko, nyumba ya baba yake ilichomwa moto na waliokuwamo wakateketea, mkewe Lily na mtoto wao Becky wakiwa miongoni mwao. Mtu amejifunza amani ugenini, na anaporudi anakuta majivu. Kinaya hiki Matei hakukipigia kelele. Anamketisha Mwangeka mbele ya gofu na kumwacha pale kwa muda mrefu, na kwa maoni yetu kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo bora katika nathari ya Kiswahili ya karne hii.

Ubora wake, tukiuchunguza, hautokani na Wahafidhina. Unatokana na Mzee Kedi. Aliyeongoza uchomaji ni jirani wa miaka mingi, mtu ambaye watoto wa ukoo wake walisaidiwa na Ridhaa kupata elimu. Ana jina na ana shamba lililopakana. Hapo riwaya inaacha kusema kwamba "watu waliuana" na kusema kwamba fulani alimfanyia fulani. Nafasi iliyo wazi mwishoni mwa kitenzi imejazwa. Kwa bahati mbaya mwandishi hakai naye. Kedi anatajwa, anaonekana kwa mbali, kisha riwaya inageukia mayatima, malezi, ndoa mpya ya Mwangeka na Apondi, na chozi linakuwa la heri kama jina lilivyoahidi. Nusu ya pili ya kitabu ina visa vingi kupita uwezo wake wa kuvibeba. Tunatamani kurasa 10 tu za Kedi siku ya pili yake, akienda kisimani.

Mwandishi mwingine wa Kiafrika alizitafuta kurasa hizo. Mwaka 1998 kundi la waandishi wa Kiafrika, Meja Mwangi wetu akiwa miongoni mwao, lilialikwa Rwanda kukaa, kuona na kuandika. Boubacar Boris Diop wa Senegal alitoka na riwaya, Murambi, iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 2000. Mahali ni pa kweli. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa huko Murambi, katika shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa. Mhusika Cornelius, aliyekuwa akiishi Djibouti, anarudi nyumbani akitaka kuandika mchezo wa kuigiza juu ya wafu wake, na anapofika anaambiwa kwamba aliyepanga mauaji ya Murambi ni baba yake mzazi. Mchezo hauandikwi. Diop alibuni wahusika, akabuni mazungumzo, lakini hakubuni Murambi, na riwaya haikupungukiwa na upeo wowote kwa ajili hiyo. Kuna jambo la ziada linalotuhusu sisi wa Kiswahili: aliporudi kutoka Rwanda, Diop alianza kuandika riwaya kwa Kiwolofu, na Doomi Golo ikatoka 2003. Safari ya masomo ilimbadilishia lugha.

Levi hakuwa na safari ya masomo. Alikamatwa Desemba 1943, akapelekwa Auschwitz Februari 1944, akarudi Turin Oktoba 1945. Kitabu chake cha kwanza kilikataliwa na mchapishaji mkubwa, kikatolewa na mdogo mwaka 1947 kwa nakala 2,500 tu, na kilingoja hadi 1958 kuchapishwa tena na yule yule aliyekikataa. Anasimulia humo ndoto iliyokuwa ikimrudia kambini, na ambayo wenzake pia walikiri kuiota: amerudi nyumbani, anasimulia, na ndugu zake hawasikilizi. Wanafunzi wetu humnukuu Adorno, kwa kawaida nusu yake, kwamba baada ya Auschwitz ushairi ni ushenzi, na hawajui kwamba baadaye mwenyewe aliirudia kauli hiyo na kuilegeza. Tungependa wamsome Levi badala yake. Yeye hakuuliza kama inafaa kuandika. Aliandika majina ya waliolala kitanda kimoja naye, miji yao, ujuzi wao na namna walivyotafuta mkate, kwa lugha ya mkemia anayejaza ripoti ya maabara.

*

Sasa Cheptais. Kuanzia 2006 kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force lilitwaa miteremko ya mlima. Liliua, liliteka, lilikata watu masikio, liliwatoza raia kodi. Wenyeji waliwaita Janjaweed, jina la wapanda farasi wa Darfur walilolisikia redioni, kana kwamba ukatili wa mtoto wa jirani haungeweza kutajwa kwa jina la hapa. Human Rights Watch ilikadiria mwaka 2008 kwamba watu zaidi ya 600 waliuawa na kundi hilo, na waliohama makwao walikuwa wapatao 66,000. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani. Wanaume kwa maelfu walikusanywa na kupelekwa kambi ya Kapkota kukaguliwa, na ripoti za mashirika ya haki, pamoja na maelezo ya wenyeji, zinasema juu ya mateso na juu ya watu wasiorudi. Kiongozi wa wapiganaji, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei 2008. Ripoti nyingine ya 2011 ilitaja watu wapatao 300 ambao hawakuonekana tena, waliochukuliwa ama na wapiganaji ama na askari. Shauri lililopelekwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki lilikomea mwaka 2012 kwenye hoja ya muda: lilikuwa limechelewa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013.

Mhakiki wa lugha hawezi kupita hapo bila kusimama kwenye jina la operesheni ile. Iliitwa Okoa Maisha. Ni Kiswahili sanifu kabisa, kitenzi cha amri na nomino, bila nafsi yoyote ndani yake. Nani aokoe? Maisha ya nani? Kiswahili ndiyo lugha ambayo askari wa pwani au wa Machakos na mzee wa Kisabaot waliweza kukutana ndani yake. Maswali ya Kapkota na majibu yake tunaweza kudhani yalisemwa kwa lugha hii tunayoifundisha. Lakini ushahidi uliobaki juu yake, ule unaoweza kusomwa katika maktaba, uko kwa Kiingereza. Mashahidi walisema kwa Kisabaot na kwa Kiswahili, watafiti wakatafsiri, na maneno ya asili hayakurudi. Jirani yetu amewahi kuhojiwa. Hajawahi kusoma alichosema.

Jambo hili si la karatasi tu. Sheria ya ushahidi ya Kenya inamdhania mtu kuwa amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 7. Bila hati ya kifo mjane harithi shamba, na katika mlima ambako ugomvi wenyewe ulikuwa wa shamba, jina la mtu aliyepotezwa likikosa kuandikwa mahali fulani linaendelea kuwanyima walio hai mahali pa kulima vitunguu. Fasihi haitoi hati za vifo. Hata hivyo, ni ajabu kwamba mlima wenye wafu wengi kiasi hicho haujapata, kwa kadiri tulivyosoma, riwaya moja ya Kiswahili inayoutaja kwa jina.

Tulipokuwa tukiyasema haya kwa ukali, mwalimu mmoja wa Kiswahili wa huko kwetu, aliyewahi kulifundisha Chozi la Heri miaka ile lilipokuwa kitabu cha mtihani, alitupinga, na upinzani wake hatuwezi kuufuta. Alisema kwamba darasani kwake waliketi pamoja watoto wa waliouawa, watoto wa waliobeba bunduki msituni, na watoto ambao hawakuambiwa baba zao walikuwa upande gani. Kitabu kingetaja Cheptais, alisema, asingeweza kukifungua. Kwa kuwa kilitaja Wahafidhina, walizungumza juu ya Mzee Kedi kwa vipindi viwili, na msichana mmoja, ambaye mwalimu alijua habari za nyumbani kwao na wenzake hawakuzijua, aliuliza kama Kedi alikuwa na watoto. "Kama kingekuwa na jina la hapa," mwalimu akatuambia, "lile swali lisingeulizwa. Wewe umekaa Nairobi miaka mingi, mwalimu mwenzangu."

Tumekubali. Kusadikika bado ina kazi, na darasa lile ndilo ushahidi. Tunachokikataa ni kwamba iwe na kazi yote. Msichana yule aliuliza swali ambalo riwaya haikulijibu, na nje ya riwaya hakukuwa na kitabu kingine cha Kiswahili cha kumpa: hakuna ushuhuda uliokusanywa na kuchapishwa kwa lugha aliyouulizia, hakuna utenzi wa Mlima Elgon 2006 hata 2008, ingawa bahari ya utenzi ingemudu kazi hiyo leo kama ilivyoimudu Maji Maji. Idara zetu za Kiswahili hutuma wanafunzi kila mwaka kukusanya methali na nyimbo za harusi. Hakuna kinachozuia kuwatuma na kinasa sauti kwa wazee wa Kapkota na Chepyuk, kwa idhini yao, na kuyaacha maneno katika lugha yaliyosemwa, potea mahali aliposema potea, potezwa mahali aliposema potezwa.

Kabla hatujaondoka jirani yetu alileta daftari la shule, lile la kurasa 32 lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Ndani yake, kwa mwandiko wa mjukuu wake, kulikuwa na jina la mwanawe, mwaka wa kuzaliwa, nguo aliyokuwa amevaa, na tarehe. Chini yake yalifuata majina mengine 14 ya vijana wa maboma ya jirani. Alituuliza kama yangeweza kuchapishwa katika kitabu chetu, akimaanisha jarida hili. Tulimwambia kwamba yangeweza, akitaka yeye na wakitaka wenye watoto wao. Akalifunga daftari. Alisema jina la mwanawe ni la kwake na anaweza kulitoa, lakini hayo 14 lazima kwanza aende akaulize nyumba kwa nyumba, na kwamba nyumba mbili kati ya hizo hazisemezani. Hatukutaka kulitoa lake peke yake kabla ya mengine. Anaendelea kuuliza.